Mwangwi wa GPS Juu ya Udongo Wetu

Kila sekunde, mchana na usiku, mawimbi ya redio kutoka setilaiti za GPS yanaangukia mashamba ya Kiambu, uwanda wa Athi na mapaa ya mabati ya Mathare. Simu iliyo mfukoni mwako inayatumia kujua ulipo. Lakini safari ya mawimbi hayo haiishii kwenye simu. Sehemu yake hugonga ardhi na kuruka tena kuelekea angani, na nguvu ya yale yanayoruka hutegemea sana kama ardhi imelowa au imekauka. Leo nataka kuandika juu ya mawimbi hayo yanayoruka. Wakulima wengi wa nchi hii wanaitegemea mvua, na kila msimu tunasikia utabiri wa mvua asubuhi na jioni. Juu ya maji yanayobaki udongoni baada ya mvua kupita, tunasikia kidogo mno. Ilhali mahindi hayanywi mawingu, yanakunywa yale yaliyo udongoni.

Mimi ni mpima ardhi, na katika kazi yetu mawimbi yaliyoruka ni adui. Ukitaka kusimika bikoni ya ploti kwa usahihi wa sentimita, unahitaji mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti na kuja moja kwa moja hadi kwenye antena. Yale yanayopitia kwanza kwenye ukuta wa vioo wa jengo la Upper Hill, au kwenye paa la mabati, au kwenye ubavu wa lori lililoegeshwa karibu, yanafika yamechelewa kidogo, yanachanganyika na yale ya moja kwa moja, na kipimo kinapotoka. Ndiyo maana antena nyingi za wapima ardhi zimewekewa sahani pana ya chuma chini yake, ya kuzuia kinachotoka ardhini. Tunalipa pesa nyingi ili ardhi isisikike.

Kristine Larson, mwanasayansi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Colorado, na wenzake waliamua kuusikiliza uchafu huo. Magharibi mwa Marekani kulikuwa na mtandao mkubwa wa vipokezi vya GPS vilivyosimikwa kufuatilia mwendo wa gamba la dunia, ili mitetemeko ya ardhi ieleweke vizuri zaidi. Vipokezi hivyo vilihifadhi pia nguvu ya kila ishara iliyoingia, namba ambayo wataalamu wa mitetemeko hawakuwa na haja nayo kubwa. Kikundi cha Larson kiliona kwamba setilaiti inapochomoza au inapotua karibu na upeo wa macho, nguvu ya ishara yake hupanda na kushuka kwa mpangilio, na kwamba mpangilio huo husogea mvua ikinyesha. Mwaka 2008 walichapisha matokeo yakionyesha kuwa msogeo huo unafuatana na unyevu wa tabaka la juu la udongo. Baada ya hapo wakapima kina cha theluji na ukuaji wa mimea kwa njia hiyohiyo, kwa vipokezi vilevile, bila kujenga mnara mpya hata mmoja. Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana. Takwimu zilikuwa zimelala kwenye diski miaka mingi, zimeandikwa jina la kelele.

Kinachowezesha haya yote ni tabia ya maji yenyewe. Molekuli ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya na mwingine wenye chaji hasi, kwa hiyo wimbi la redio linapopita, molekuli hugeuka zikilifuata. Mchanga na mfinyanzi mkavu haufanyi hivyo. Wanafizikia huieleza tabia hiyo kwa namba moja: kwa maji ni karibu 80, kwa udongo mkavu ni 3 au 4 hivi, na udongo uliolowa vizuri unaweza kufika 25 au zaidi. Chukua sasa kanuni ya Fresnel inayojulikana tangu karne ya 19 na ufanye hesabu kwa wimbi linalotua wima juu ya ardhi laini. Udongo wenye namba 3 unarudisha takriban asilimia 7 ya nguvu ya wimbi. Udongo wenye namba 25 unarudisha asilimia 44. Maji matupu, kama ya bwawa lililotulia, yanarudisha zaidi ya asilimia 60. Tofauti kati ya 7 na 44 si ya kutafuta kwa darubini. Katika vipimo vya mbali ni nadra kupata kitu kinachosema waziwazi hivyo.

Jambo la pili ni urefu wa wimbi. Ishara kuu ya GPS hutumwa kwa masafa ya megahezi 1575.42, yaani wimbi lenye urefu wa sentimita 19 hivi. Wimbi refu namna hiyo hupita katikati ya mawingu kana kwamba hayapo, na hupenya majani ya mahindi au nyasi kwa kiasi cha kutosha kugusa udongo. Kamera za setilaiti haziwezi. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ni ya kamera, na nilifurahi kama Mkenya yeyote ilipoingia kwenye mzingo wake. Lakini kamera ya mwanga wa jua inakwama palepale tunapoihitaji zaidi, mwezi wa Aprili, wakati anga ya Nairobi imefungwa kwa mawingu wiki nzima. Mawimbi ya GPS hayajali mawingu, wala hayasubiri kupambazuke.

Sasa twende juu. Wazo la kuvuna miangwi ya GPS lilitolewa mwaka 1993 na Manuel Martín-Neira wa Shirika la Anga la Ulaya, aliyetaka kupima kimo cha uso wa bahari. Mwaka 2003 setilaiti ndogo ya Uingereza, UK-DMC, ilibeba kipokezi cha majaribio kilichonasa miangwi kutoka baharini na hata nchi kavu. Ikafuata TechDemoSat-1 mwaka 2014. Kisha tarehe 15 Desemba 2016 NASA ikarusha kundi la setilaiti nane kwa pamoja, liitwalo CYGNSS, likiongozwa kisayansi na Chris Ruf wa Chuo Kikuu cha Michigan. Shabaha yao ilikuwa vimbunga: kupima upepo juu ya bahari chini ya mvua kubwa, kwa kuwa bahari iliyochafuka hutawanya mwangwi na bahari iliyotulia huurudisha mzima. Udongo haukuwa lengo la safari. Ila setilaiti hazizimwi zinapovuka pwani. Zilipoendelea kurekodi juu ya bara, watafiti waliona mito, mabwawa, mashamba ya mpunga na nyanda zilizolowa vikijichora kwenye takwimu.

Kila setilaiti ya CYGNSS ina uzito wa kilo 29 hivi. Haina kifaa cha kutuma mawimbi, na hapo ndipo unafuu wake ulipo. Rada ya kawaida hubeba mtambo wa kutuma na kupokea, na mtambo wa kutuma hula umeme mwingi na ndio huharibika. SMAP, setilaiti kubwa ya NASA ya unyevu wa udongo, ilirushwa tarehe 31 Januari 2015 ikiwa na rada ya gharama kubwa, na kufikia Julai mwaka huohuo sehemu ya kutuma ilikuwa imekufa. Bahati nzuri ilikuwa na chombo cha pili, kinachosikiliza joto la redio linalotoka ardhini, na hicho kimefanya kazi njema kwa miaka mingi. Ninachokipenda zaidi ni walichofanya wahandisi na ile rada iliyobaki bubu: sikio lake lilikuwa bado zima, wakalielekeza kwenye masafa ya GPS, na SMAP ikaanza nayo kusikiliza miangwi.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na za CYGNSS ziko kwenye kilomita 500 hivi. Ardhi iko chini yao zote. Ili mwangwi usikike, kipokezi lazima kiwe mbele, upande wimbi linakorukia. Anayeendesha gari usiku kwenye barabara ya Thika baada ya mvua anaijua jiometria hii kwa macho yake: taa zake mwenyewe zinaonekana kumezwa na lami, huku taa za gari linalokuja zikimetameta juu ya lami ileile hadi zimuumize. Mwanga haukupotea, ulirukia mbele. GPS ndiyo gari linalokuja na CYGNSS ndiye dereva. Kila setilaiti ya CYGNSS husikiliza miangwi minne kwa wakati mmoja, kwa hiyo kundi la setilaiti zote nane, kabla moja yao haijanyamaza mwaka 2022, lilipata vituo 32 vya kipimo kwa mpigo, kila kimoja kikikimbia juu ya ardhi kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Njia zake hazifuati mistari iliyopangwa kama ya kamera. Zimetapakaa kila upande, na ukiziweka za siku moja kwenye ramani ya Kenya unaona mistari mifupi inayokatizana. Mzingo wao umeinamia nyuzi 35, kwa hiyo hauendi kaskazini wala kusini ya mbali, unazunguka ukanda wa joto. Sisi tulio nyuzi 1 kusini mwa ikweta tumo ndani kabisa. Kundi likiwa kamili, kwa wastani sehemu moja ya ukanda huu ilitembelewa tena baada ya saa 7 hivi. SMAP hurudi baada ya siku mbili au tatu.

Mvua yetu ni ya vipande, na hapa saa 7 zinapata thamani yake. Kila anayeishi Nairobi ameshawahi kupigiwa simu kutoka Westlands akiambiwa mvua inanyesha kwa ndoo, naye yuko Syokimau kwenye jua kali. Manyunyu ya saa moja huinua unyevu wa sentimita za juu, na jua la siku mbili huumaliza. Ukipita kila siku ya tatu unaweza kukosa kupanda na kushuka kote huko ukabaki na wastani usiofanana na siku yoyote.

Mjomba wangu analima Mwala, kaunti ya Machakos. Oktoba ikifika, mvua za kwanza za vuli zikigusa, yeye huchimba kwa jembe, huchukua udongo wa kina cha kiganja na kuufinya. Ukishikana hupanda. Ukimomonyoka husubiri. Nilimpigia msimu mmoja nikamuuliza, "Mjomba, mvua imefika huko?"

"Imefika, mpwa wangu, lakini ni ya kudanganya. Juu kumelowa, chini ni vumbi. Nikipanda leo mbegu itaota halafu ife." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Nyinyi wa Nairobi na mashine zenu, hamwezi kuniambia chini kumelowa kufika wapi?"

Ni swali halisi na linastahili jibu la kweli. Mwangwi wa GPS husoma sentimita 5 hivi za juu. Udongo ukiwa mkavu wimbi hupenya zaidi kidogo, ukilowa halifiki hata hapo. Kwa hiyo setilaiti peke yake haimjibu mjomba. Lakini ukiwa na mfululizo wa vipimo vya tabaka la juu, siku baada ya siku, unaona jinsi linavyokauka. Udongo ulio na maji chini yake hukauka taratibu, kwa sababu maji hupanda kutoka chini. Udongo uliolowa juujuu hukauka upesi. Kasi ya kukauka ina habari za chini, na modeli za maji ya udongo hutumia habari hizo kukadiria hali ya eneo la mizizi. Hayo ni makadirio, nayo yanahitaji kujua aina ya udongo, kina chake na kilichopandwa. Sitamdanganya mjomba kwamba jembe lake limepitwa na wakati. Ila jembe lake linajibu kwa shamba lake tu, na afisa wa kilimo wa kaunti hawezi kuchimba mashimo Mwala, Yatta na Masinga asubuhi moja.

Kasoro zake ni za kuelewa vizuri, kwa sababu nimeona watu wakionyesha ramani zenye rangi nzuri kama kwamba kila kipande cha rangi ni shamba. Sivyo. Ardhi ikiwa tambarare na laini, mwangwi hutoka kwenye eneo la upana wa nusu kilomita hivi, likivutwa kwa urefu wa kilomita kadhaa kwa sababu setilaiti inakimbia huku ikisikiliza. Ardhi ikiwa na mikwaruzo, eneo hilo hupanuka sana na nguvu hutawanyika. Na mikwaruzo inayotosha kuharibu si mikubwa: kwa wimbi la sentimita 19, matuta ya sentimita mbili tatu tayari yanaanza kuvuruga. Shamba lililolimwa jana kwa plau na shamba hilohilo baada ya mvua kulisawazisha yanaweza kutoa miangwi tofauti yakiwa na unyevu uleule.

Halafu kuna maji ya wazi. Kwa kuwa maji matupu hurudisha mawimbi kwa nguvu kuliko udongo wowote, kidimbwi kidogo ndani ya eneo la kipimo hukidanganya kipimo kizima. Mabonde ya mpunga ya Mwea, bwawa la Ruiru, kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, vyote hivyo lazima viondolewe kwenye hesabu, la sivyo utatangaza kwamba kata nzima imelowa kumbe umesikia bwawa. Milima nayo ni tatizo. Magharibi ya Nairobi, kuanzia miteremko ya Kiambu hadi ukingo wa Bonde la Ufa, ardhi imekunjamana kiasi kwamba mwangwi unakuja umevunjikavunjika. Mashariki na kusini, uwanda wa Athi na Kapiti ni tambarare, wenye nyasi fupi, na pale mwangwi unarudi safi. Msitu mzito kama wa Aberdare hula ishara kabla haijagusa udongo. Na jiji lenyewe, na mabati yake na lami yake, halifai kupimwa kwa njia hii hata kidogo. Nani lakini anataka kujua unyevu wa udongo chini ya Moi Avenue?

Ukinyume wa tatizo la maji ya wazi ni faida kwa mafuriko. Baada ya vimbunga vya Harvey na Irma mwaka 2017, watafiti walitumia miangwi ya CYGNSS kuchora maeneo yaliyofurika, chini ya mawingu. Sisi Aprili 2024 tuliona Mathare na mabonde mengine ya Nairobi yakisombwa. Mvua ile ilikuwa kubwa, hilo linajulikana. Lakini mvua ileile ikianguka juu ya udongo mkavu, sehemu kubwa huingia ardhini, na ikianguka juu ya udongo ulioshiba, karibu yote huteremka mtoni. Hali ya udongo wa miteremko ya juu, kule mito yetu inakoanzia, siku tatu kabla ya mvua kubwa, ni habari ambayo mtu anayetoa tahadhari kwa wakazi wa kingo za mto angepaswa kuwa nayo mezani. Naliona hili kuwa jambo la uhai wa watu, na ningependa kuona kipimo hicho kikisomwa pamoja na utabiri wa mvua, kwa sauti ileile, kwenye redio.

Upande wa ukame tumetangulia kidogo. Bima ya mifugo inayotegemea setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, kazi iliyoongozwa na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyo hapahapa Nairobi, na serikali ikaanzisha mpango wake mwaka 2015. Bima hiyo hutazama ukijani wa malisho kutoka angani: ukipungua kupita kiwango fulani, mfugaji hulipwa. Ni mpango mzuri, nami naunga mkono kila senti yake. Lakini ukijani ni habari ya baadaye. Nyasi huendelea kuwa za kijani kwa muda baada ya maji kuanza kuisha, kisha hunyauka, kisha setilaiti huona. Udongo hukauka kwanza. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki ya nchi. Mfugaji anayejua wiki kadhaa mapema anaweza kuuza ng'ombe wawili wakiwa bado na nyama. Akichelewa anauza ngozi.

Hata nzige wana sehemu yao katika hadithi hii. Jike la nzige wa jangwani hutaga mayai ndani ya mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hivi chini ya uso, na mchanga mkavu haufai. Kenya ilipovamiwa kuanzia mwisho wa 2019, uvamizi mbaya kuliko wowote kwa miaka 70, ramani za unyevu wa udongo kutoka angani zilikuwa tayari ni mojawapo ya njia za kubashiri wapi mayai yangeweza kutagwa.

Kinachonisumbua hasa kiko chini, si juu. Setilaiti haisomi unyevu. Inasoma nguvu ya mwangwi, na lazima mtu aigeuze nguvu hiyo kuwa asilimia ya maji. Takwimu za CYGNSS zinazotumika sana zilitayarishwa na Clara Chew na Eric Small kwa kuzilinganisha na vipimo vya SMAP. Kwa maneno mengine, mwanafunzi amefundishwa na mwalimu mwingine wa angani, na mwalimu huyo mwenyewe amesahihishwa kwa vipimo vya ardhini, ambavyo vingi viko Marekani, Ulaya na Australia. Udongo mwekundu wa Kikuyu wenye chuma tele haupo Iowa. Afrika ina vituo vichache mno vya kupima unyevu ndani ya udongo, na pale palipo na kituo kimoja kwa eneo la ukubwa wa kaunti, huwezi kujua kama setilaiti imekosea au kituo kimewekwa mahali pa ajabu.

Hili tunaweza kulifanya wenyewe. Mradi wa TAHMO umekuwa ukiweka vituo vya hali ya hewa katika shule mbalimbali za Afrika, zikiwemo za Kenya, na mfano huo ni mzuri: shule ina uzio, ina mwalimu wa jiografia, ina watoto wanaouliza maswali. Kipima unyevu cha kuzika ardhini ni kifimbo chenye meno ya chuma na waya. RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Kasarani, imekuwa ikihudumia nchi nyingi za ukanda huu tangu miaka ya sabini kwa ramani na picha za setilaiti, na kipokezi cha Nairobi cha GNSS, jina la jumla la GPS na mifumo mingine ya aina yake, kinachojulikana duniani kwa herufi RCMN, kimo kwenye mtandao wa kimataifa. Utaalamu upo, umeme upo, intaneti ipo. Kinachokosekana ni mashimo yenye vifimbo ndani yake, na mtu wa kuyatunza baada ya mfadhili kuondoka. Na setilaiti yetu ijayo ikibeba kipokezi cha miangwi pamoja na kamera, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Kilo chache tu zinatosha.

Kwa upande wangu nimeanza kwa kidogo. Rafiki yangu ana shamba la nyasi za ng'ombe upande wa Kikuyu, udongo mwekundu, mteremko mdogo. Tulisimika nguzo ya mita 2 na juu yake antena ya bei nafuu, ile isiyo na sahani ya chuma, ikitazama upeo wa macho mashariki na magharibi. Kwa kimo hicho mwangwi unakusanywa kutoka makumi ya mita kuizunguka nguzo, ukubwa unaomfaa mkulima kuliko kilomita za setilaiti. Setilaiti ya GPS hurudia njia yake angani kila siku, dakika 4 mapema kuliko jana, hivyo unaweza kulinganisha chomozo la leo na la jana, setilaiti ileile, pembe ileile, ardhi ileile. Kilichobadilika ni maji. Kila nikienda huko nachukua udongo kwa mkebe, naupima uzito, naukausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24 na kuupima tena. Njia hiyo ni ya zamani na ya kuchosha, na hakuna inayoaminika kuliko hiyo. Baada ya mvua kubwa ya kwanza mchoro ulisogea usiku uleule, ukarudi polepole kadiri jua lilivyokausha, kama vitabu vilivyosema. Nyasi zilipokua hadi kiunoni mchoro ukaanza kufifia, hilo nalo kama vitabu vilivyosema, na tukakata nyasi.

Nguzo ya pili itakwenda Kitengela, kwenye udongo mweusi unaonata, na huko kazi itakuwa ngumu zaidi. Udongo ule huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nyufa zake zinameza mkono. Hesabu ya nguzo inategemea umbali kati ya antena na uso wa ardhi, na uso ukiinuka sentimita mbili kwa kuvimba, mchoro husogea kama ambavyo ungesogea kwa unyevu. Nguzo yenyewe ikizikwa kijuujuu itainuka pamoja na udongo na kuficha jambo zima, kwa hiyo tutaishusha hadi kwenye mwamba, na kando yake tutaweka rula ya kusoma kimo cha uso kila wiki. Nyufa nazo zitatawanya mawimbi wakati wa kiangazi, ndiyo maana tunataka kuanza mvua zikiwa zinaendelea, uso ukiwa umejifunga. Kama kuna mtu wa Kitengela, Isinya au Athi River mwenye kipande tambarare, kisicho na mabati wala uzio wa chuma kwa mita 50 kila upande, na asiyejali mtu kuja kumchimbia mkebe wa udongo mara kwa mara, naomba aniandikie.